Mzaramo Aliyenizamisha

Zuhura aliponipigia simu asubuhi ile nilijua kabla hajasema. Mtoto wa mwenzio hakupigii jua halijachomoza sawasawa ili akujulie hali tu. Aliniamkia, nikaitikia marahaba, kisha nikasikia viti vinaburutwa uani kwao na mtu anaulizia turubai. Akaniambia baba yake, Kibwana, ametangulia alfajiri, kwamba watazika baada ya sala ya adhuhuri, na kwamba marehemu aliacha neno: asitolewe nyumbani mpaka mtani wake afike. Nilimwambia awaeleze hao wenye haraka kwamba Mnyamwezi yuko njiani, na kwamba wakithubutu kumgusa kabla sijafika nitalala mimi ndani ya hilo kaburi, wao watafute jingine. Alicheka huku analia, na ndivyo inavyotakiwa. Nilikata simu, nikakaa kitandani kwangu hapa Kiwalani na kiatu kimoja mguuni, na mimi mwenyewe sikucheka hata kidogo.

Vijana wa siku hizi wakisikia utani wanadhani ni kelele za mashabiki wa mpira. Utani wetu una miguu mirefu zaidi. Babu zetu walishuka kutoka Unyamwezi na pembe za ndovu vichwani, wakafika huku pwani wamechoka hoi, na Wazaramo ndio waliowapokea, wakawapa maji, wakaicheka miguu yao iliyopasuka, na aliyewafia njiani wakamzika. Tangu hapo Mzaramo ana ruhusa ya kuniita mpagazi mbele ya wakwe zangu, nami nina ruhusa ya kumwita mkwezi mvivu anayesubiri nazi idondoke yenyewe. Anaweza kuingia uani kwangu akaondoka na kuku, nami nikamsindikiza mpaka njia panda. Kukasirika ni mwiko. Lakini siku nikifa, huyohuyo aliyenitukana ndiye mwenye kushika jembe na kuleta maji ya kunioshea, na msiba wangu bila yeye hautakuwa msiba. Kibwana na mimi tulikuwa watani wa namna hiyo tangu mwaka nilioingia kiwanda cha sabuni, Mwingereza akiwa bado anatawala, na mimi nikiwa na shingo ya kubeba magunia mawili bila kuhema.

Nilipanga kwa Bi Mwanahawa, Temeke, nyumba ya udongo na makuti yenye ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande. Alikuwa shangazi yake Kibwana, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa, asiyependa mpangaji anayekula peke yake. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, msumari wa kutundika shati la Jumapili na picha ya Bikira Maria ambayo Bi Mwanahawa, Mwislamu safi, ndiye aliyekuwa akiipangusa vumbi. Kuta hazikufika kwenye paa. Mtu akigeuka kitandani chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho anajua. Tulijua nani kagombana na mkewe, nani anaota kwa sauti, nani anakula karanga gizani ili asiombwe. Jioni Kibwana alikuja kutoka kwake, tukaketi uani kwenye mkeka, na siku za neema kulikuwa na mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga, na siku nyingine mihogo na maneno. Bado naweza kukaa hapa nikapanusa uani pale: moshi wa vifuu, nazi, na sabuni. Maana wanaume watatu wa nyumba ile tulifanya kazi kiwandani, na harufu ya sabuni tuliyorudi nayo iliingia kwenye mashuka, kwenye mkeka, hata kwenye ugali. Bi Mwanahawa alikuwa akisema wapangaji wake ndio wachafu wanaonuka usafi.

Kiwanda kilikuwa kando ya barabara ya Pugu, bati tupu juu na bati tupu ubavuni, joto lake la kumkausha mtu. Mafuta ya nazi yalichemshwa ndani ya masufuria ambayo mtu angeweza kuoga humo akiwa amesimama, na ndani yake ikatiwa kostiki, ile magadi kali ya kutengenezea sabuni, iliyoyeyushwa, na wakorogaji wakakoroga kwa makasia marefu mpaka mchanganyiko ukawa mzito kama uji wa mgonjwa. Kibwana alikuwa mkorogaji. Kazi yangu ilikuwa ya nyuma kidogo: kostiki ilikuja kutoka Ulaya imegandishwa ndani ya mapipa ya chuma, jiwe jeupe moja pipa zima, na mimi nililichana lile pipa kwa shoka kisha nikalivunja jiwe kwa nyundo, vipande vikaenda kuyeyushwa. Vumbi lake likikutana na jasho linauma kama siafu, na ukiliacha linakula ngozi. Tulijifunga magunia kifuani. Miwani ya kukinga macho ilikuwepo moja kiwandani kote, imetundikwa ofisini, na aliyeivaa ni bwana mkubwa anapokuja kututazama kwa mbali.

Ile kostiki tuliiita Mkwe, kwa sababu hutakiwi kumsogelea wala kumtazama usoni, na ukimkosea hakusamehe. Asubuhi tuliulizana Mkwe ameamkaje, na siku za mvua, mapipa yakiwa yamevuta unyevu, tuliambiana leo amenuna. Tulicheka, lakini alama zake zilikuwa kwetu sote, mwingine mkononi, mwingine kwenye unyayo. Nyapara wetu, Mzee Matola, Mmwera wa huko Lindi, alikuwa na jicho moja. Jingine lilikwenda na kipande kidogo kisichozidi punje ya mchele, miaka ya nyuma alipokuwa akifanya kazi ileile niliyoifanya mimi. Wenzake walimkimbilia wakamjaza mafuta ya nazi kwenye jicho, kama mama zetu wote walivyotufundisha kwa kila kilichoungua, na mafuta kiwandani pale yalikuwa bwerere. Wiki iliyofuata jicho lilikuwa jeupe kama lile jiwe. Kila nilipoinua nyundo Mzee Matola aligeukia upande mwingine, na mimi sikupenda kumwona akigeuka.

Katika mahali kama pale, utani ndio uliokuwa chumvi ya siku. Kibwana alikuwa mfupi, mweusi, mwenye matege na kicheko cha kuanzia tumboni. Nikipita na pipa begani anatangaza kwa kiwanda kizima kwamba msafara wa pembe umewasili, wapewe maji. Nami nikimkuta ameegemea kasia namuuliza kama nazi imeshadondoka. Siku moja niliona nimfanyie kitu cha kukumbukwa. Nikalala nyuma ya mapipa, miguu huku, mikono huko, macho nimeyapindua, mwenzetu mmoja akaenda kumwita. Kibwana alikuja mbio, akapiga magoti, akaniita mtani wangu, mtani wangu, akavua shati lake anifunike, na machozi yake yalikuwa ya kweli, yalinidondokea shingoni. Ndipo nikafumbua macho nikamuuliza kama ameniletea chai. Kiwanda kilicheka mpaka Mzee Matola akaja na fimbo yake. Baada ya siku kadhaa nilikufa tena, safari hii karibu na masufuria, na akadanganyika tena. Alipoinuka alinyoosha kidole, akasema maneno ambayo watu waliyarudia wiki nzima: "Ukifa mara ya tatu mie sikulilii. Nakuosha hapohapo, uende kwa Mungu wako msafi."

Bi Mwanahawa alipohadithiwa jioni hakucheka kama wengine. Alikuwa anakuna nazi, akaendelea kukuna. Mzaha mzaha hutumbua usaha, alisema, na kifo hakiitwi kwa mchezo, kina masikio. Tulimwona mwanamke wa zamani. Kibwana alimwambia shangazi asihofu, Mnyamwezi hafi, anapungua tu kama sabuni. Nikifikiri sasa, katika kula kote nilikokula maishani, na nimekula mahotelini na kwenye harusi za wakubwa, sijaonja kitu kama ule mchuzi wa jioni ile, tumekaa magoti yakigusana, mimi na yeye tukigombania kichwa cha samaki, kila mmoja akidai mwenzie hastahili.

Ilitokea msimu wa masika. Pipa nililokuwa nalo asubuhi ile lilikuwa na tundu, maji yameingia, na Mkwe alikuwa amenuna haswa. Nilipiga nyundo jiwe likagoma. Nikapiga kwa hasira, na jiwe likapasuka kama chungu. Kwanza nilihisi ubaridi usoni. Halafu moto, macho yote mawili, na shingoni na kifuani ambako gunia lilikuwa limelegea. Nikapiga ukelele, nikaanguka chali nyuma ya mapipa, palepale nilipokuwa nikifia kwa mchezo, nikayasugua macho kwa mikono, jambo ambalo kila mmoja wetu aliambiwa asilifanye na kila mmoja angelifanya.

Nikamsikia Kibwana anacheka. Akawaambia wenzake, huyo amekufa tena, leo mtaona. Akanishika kwapani, akaniburuta kwenye birika la saruji lililokuwa upande wa masufuria, birika refu la maji ya kazi, mfano wa lile la kutawadhia msikitini, akanipindia ukingoni na kunizamisha kichwa chote. Alikuwa na nguvu za kasia. Kila nilipoinua kichwa niseme kitu, maji yako mdomoni. Alinishika nywele na shingo, akanisugua uso kama mtu anayefua shati la mtoto mtundu, na huku anadai nikiri mbele ya mashahidi.

"Sema, mie mpagazi wa Wazaramo."

"Macho," nikasema.

"Sikukwambia useme macho." Na chini tena.

Watu walikuwa wamekusanyika wanapiga makofi. Nilipiga teke, nikang'ata, nikameza birika nusu, na yeye kila nikipambana ndivyo alivyoona naigiza vizuri. Ulikuwa muda mrefu, mrefu kuliko mzaha wowote niliowahi kuuona. Kilichomzuia ni mikono yake mwenyewe. Viganja vyake vilianza kuteleza shingoni mwangu, utelezi ule tulioujua sote, utelezi wa kostiki inapokula ngozi ya mtu. Nikahisi vidole vyake vimesimama. Kisha akaniachia, na makofi yakakoma, yakabaki masufuria yakitokota.

Waliobaki na akili walikimbilia mafuta ya nazi. Kwa bahati nilikuwa nimejikunyata na uso wangu nimeufumbata kwa mikono, hawakuweza kuupata, wakanipaka shingoni na kifuani, wakanipaka kwa wingi na kwa mapenzi. Shati halijavuliwa, vumbi la Mkwe liko chini ya mafuta linaendelea na kazi yake. Nikivua shati leo wajukuu huuliza ni ramani ya nchi gani. Mzee Matola alinibeba mwenyewe kwenye lori la kiwanda, nikalazwa juu ya maboksi ya sabuni, tukaenda hospitali mjini. Njia nzima alinishika mkono. Nilijua anatazama barabara kwa jicho lile moja.

Hospitali walinifunga kitambaa macho yote mawili. Dresa, mfunga vidonda wa wodi, kijana wa Bukoba kwa lafudhi yake, aliyaosha tena kwanza, kisha akauliza ni nani aliyenimwagia maji mengi namna ile. Nilimwambia ni mtani wangu, alitaka nikiri kwamba mimi ni mpagazi wake. Nadhani alidhani homa imenipanda. Lakini alisema huyo mtu, akitaka asitake, ndiye aliyeyaacha macho yangu na nafasi, na kwamba kama nafasi hiyo ni ya kutosha tutajua kitambaa kikifunguliwa. Nikalala gizani nikisikiliza wodi. Mzee mmoja alikuwa akimsimulia jirani yake jinsi ya kuvuna mpunga, kila siku palepale, hakufikia kuupeta. Niliwaza njia ya reli kurudi kwetu, mtu amenishika mkono, kila stesheni ananiambia jina lake. Nililia, na niligundua kwamba chini ya kitambaa kulia kunauma vibaya.

Waliponiruhusu nirudi Temeke, kitambaa kikiwa bado usoni, Bi Mwanahawa alinihudumia kama mtoto. Aliniwekea kijiko mkononi, akanielekeza mchuzi uko huku, mwiba uko kule. Wenzetu wote walikuja kuniona. Kibwana hakuja. Mpaka jioni moja nikiwa kitandani nikamsikia uani, sauti yake imeshuka kiasi kwamba kama si zile kuta zisizofika paa nisingeitambua.

"Shangazi, alikuwa anasema macho. Mie nacheka."

"Hukujua, mwanangu."

"Mtu anaungua, mie namwambia sema. Nitamtazamaje? Na yeye hana la kunitazama nalo." Akamwambia ameamua kuacha kazi, yeye na mkewe wanarudi shamba Kisarawe mwisho wa wiki, na hatarudi tena mjini.

Sikuvumilia. Nikapaza sauti kupitia juu ya ukuta, nikamwambia dresa amesema ni maji yake ndiyo yaliyonisaidia, kama angeniachia mapema mambo yangekuwa mengine. Kisha nikamsikia akimwambia shangazi yake, polepole, "Anasema hivyo kwa wema." Na akaondoka.

Neno lile liliniumiza kuliko kostiki. Mtani haongei kwa wema. Wema ni wa mgeni, wa jirani aliyefiwa, wa mtu usiyemjua vizuri. Kama angeingia chumbani akaniambia sasa nimekuwa mzigo badala ya mbeba mzigo, ningecheka na giza lingepungua. Badala yake alinionea huruma kama mtu baki. Nikaelewa kwamba nimekaribia kupoteza vitu viwili, macho na mtani, na kwamba hilo la pili dresa hana dawa yake. Bi Mwanahawa aliingia na uji, akakaa pembeni ya kitanda. Hakuukumbusha ule usemi wake wa usaha. Alinipangusa mdomo tu, na nikasikia kwamba na yeye anavuta kamasi.

Kitambaa kilifunguliwa kulekule hospitali, asubuhi ya mwisho wa wiki ile, na dresa alinigeuzia kiti nisielekee dirishani. Cha kwanza nilichokiona duniani mara ya pili kilikuwa beseni la bati, na ukingoni mwa beseni kipande cha sabuni, cha mche, chenye mhuri wa kiwanda chetu. Jicho la kushoto liliusoma ule mhuri herufi kwa herufi. La kulia liliuona kupitia ukungu, kama dirisha la jikoni, na ukungu ule ulipungua baadaye ingawa haukuisha mpaka leo. Nilikishika kile kipande nikakinusa. Dresa aliniambia nikae kwanza nipumzike. Nikamwambia nina safari, kuna mtu anataka kuhama.

Kibwana alikaa njia ya Mtoni. Nilimkuta kibarazani, mizigo imefungwa, mkewe anafunga mkeka kwa kamba, na jogoo wao mkubwa mwekundu amefungwa mguu kwenye tita la vyombo. Sikumsalimia mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye lile tita, nikamfungua jogoo, nikamtia kwapani, nikageuka zangu. Mkewe akapiga kelele ya mwizi. Kibwana hata hakuinuka.

"Mwache," akamwambia mkewe. "Ni mgonjwa."

"Mgonjwa ni mama yako mkwezi," nikasema. "Mimi ni Mnyamwezi na jogoo huyu amekuwa akinitamani siku nyingi."

Ndipo akasimama. Akaja karibu taratibu, na nikaona viganja vyake, vimebabuka, ngozi mpya ya waridi inaota. "Umemwonaje jogoo?" akauliza.

"Kwa macho."

"Macho yepi?"

"Haya uliyoyaosha. Na bahati mbaya yanaona mpaka matege yako."

Alinishika uso kwa viganja vile vibovu, akanivuta kope kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari, la kushoto, la kulia, la kushoto tena. Pumzi yake ilinuka tumbaku. Nikaona kwa macho yangu mwenyewe kidevu chake kikitetemeka, kisha akaniegemea begani akalia kwa sauti, barabarani, mchana kweupe, jogoo katikati yetu anapiga mbawa. Nami nikalia. Mkewe alibaki na kamba mkononi hajui amsaidie nani. Alipomaliza kulia alijifuta kwa kikoi chake, akarudi nyuma hatua, akanitazama kwa ule uso wake wa zamani.

"Basi sema," akasema.

"Niseme nini?"

"Unakijua."

"Sisemi," nikasema, na kile kicheko cha kuanzia tumboni kikarudi, majirani wakatoka nje kutazama.

Mizigo ilifunguliwa siku ileile. Jogoo alipikwa kwa Bi Mwanahawa, kwa nazi, na Mzee Matola alialikwa, akala huku ananitazama kila mara na kutikisa kichwa. Kesho yake alihamisha kazi ya kuvunjia mapipa, akaileta kandokando ya birika, na akatangaza kwamba atakayetia nguo zake za kufua mle ndani atamfua yeye. Hakumwomba ruhusa bwana mkubwa. Mkwe aliendelea kutudai vidole na ngozi, kwani kiwanda ni kiwanda, lakini aliyemwagikiwa alizamishwa kwanza, mafuta baadaye, na watu walikuwa wakisema, mpelekeni akaoshwe Kizaramo.

Kuanzia siku ile, kwa miaka yote hii, Kibwana hakuacha kuniambia niseme. Aliniambia mlangoni mwa kanisa siku ya ndoa yangu. Aliniambia usiku wa Uhuru, tumebanwa na umati, akinipigia kelele sikioni. Kwenye harusi ya Zuhura alipewa kipaza sauti amwombee bintiye dua, akamaliza dua akaniita kwa jina, akaniambia watu wote hawa wanasubiri, sema. Nikasimama nikasema sisemi, na ukumbi ukaangua kicheko, ingawa wengi hawakujua tunachochekea. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Alikuwa amekwisha, mwili umekuwa mdogo kama kipande cha sabuni cha mwisho. Alinivuta mkono, akafungua mdomo, sauti haikutoka, lakini midomo niliisoma vizuri kwa lile jicho la kushoto. Nikamwambia, pona kwanza.

Kijana wa pikipiki alinifikisha kwao kabla ya adhuhuri. Uani watu wamejaa, wanawake ndani, wanaume chini ya turubai, na pazia limezungushiwa mahali pa kuoshea. Vijana walikuwa wanavuta mpira wa maji kutoka bombani ili waupitishe chini ya pazia. Nikawaambia waache. Nikaomba ndoo. Mmoja akaniambia, mzee, shikamoo, maji yapo, usijisumbue, na Zuhura akamshika bega kumnyamazisha. Nikakunja kitambaa changu nikafanya ngata, nikaijaza ndoo bombani, nikaomba wanitwike. Shingo hii haijabeba kitu tangu nistaafu. Ililia kama mlango. Nikapita uani pale, maji yananimwagikia koti, magoti yanagongana, na wazee wachache wa Kizaramo waliojua walianza kupiga makofi polepole, mmoja akatangaza kwamba msafara wa pembe umewasili. Wanawake wakacheka huko ndani, kisha kicheko kikageuka kilio, kisha kikawa vyote viwili. Mimi ni Mkristo, kumwosha si haki yangu, basi nikasimama pazia lilipoishia, wakanitua ndoo, mkono ukatoka ndani ukaipokea.

"Kibwana," nikasema kwa pazia. "Maji yako haya. Nimeyabeba kichwani, na Wazaramo wote wameona."

Nikangoja kidogo, kwa mazoea.

"Lakini kusema, sisemi. Ukitaka niseme, toka uje unizamishe."

Nyuma ya pazia maji yakaanza kumiminwa, taratibu, na hakuna aliyeniambia niseme.